Maziwa ya Shafik

Mwenye maziwa jikoni ayafunike kwanza, ndipo asikilize.

Paka mchanga aliyefiwa na mama huwa baridi kama chura. Huyu alikutwa kizingitini pa Shamim, Koboko, asubuhi ya mvua, siku moja baada ya paka mkubwa wa nyumba kukanyagwa na lori. Alikuwa moto kama chapati inayotoka kikaangoni.

"Mama Shafik," alisema jirani yake Natalina, akiurudisha mkono haraka. "Hii kitu imelala kwa mvua usiku yote. Mbona iko moto?"

"Iko na bahati," Shamim alijibu.

Hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye shida. Koboko yote ina panya, lakini wa nyumba ile walitembea mchana kama wenye hati ya kiwanja. Mmoja alikuwa amemtafuna Shafik, mwanawe wa siku ishirini, kidole cha mguu, akaacha kovu. Baba yake alikuwa safarini Juba, na Shamim bado alikuwa ndani ya arobaini yake ya uzazi. Alimhitaji paka kuliko mume.

Basi akamlea hasa. Akamzungushia sufu, akamlaza kifudifudi kikapuni, akamnywesha kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kila baada ya saa tatu. Akamsugua tumbo kwa pamba ya maji vuguvugu ili akojoe, maana paka mchanga bila ulimi wa mama hajui hata kukojoa.

"Umezaa mara mbili kwa mwezi moja," Natalina alimtania. "Bwana yako akirudi atauliza huyu wa mkia iko ya nani."

Lakini maziwa ya ng'ombe yalimharisha paka, na siku ya pili shingo ikalegea. Shamim akawaza panya wakirudi kitandani kwa Shafik. Akageukia ukuta, akakamua maziwa yake mwenyewe kikombeni, akayavuta kwa bomba.

Paka akanywa mpaka masikio yakachezacheza.

Kufikia siku ya nane alikuwa amenenepa, ila macho hayakufunguka. Chumba kilinukia bakhuri, ile ya kumfukizia mzazi, na chetezo kilikuwa kimepoa tangu Ijumaa. Shafik akaacha kunyonya. Akalia mpaka sauti ikaisha, kisha mashavu yakabonyea. Walimkimbiza hospitali Arua. Daktari akapima kila kitu, ugonjwa hakuuona.

Waliporudi, saa saba mchana, jua likiwa utosini, Shamim alisikia Shafik akilia njaa kwa sauti yake kamili, ile sauti aliyoikosa kwa siku tatu, akafurahi, akafungua vifungo vya gauni huku akikimbilia kitandani, na kabla hajafika akakumbuka kwamba Shafik yuko mgongoni mwake, kimya, na kwamba kilio kile kinatoka kikapuni chini ya kitanda, na kwamba maziwa yake, yaliyokuwa yamekauka njia nzima kutoka Arua, sasa yanamwagika yenyewe mpaka magotini, yakiitika.

Natalina akamleta fakihi Dumo, mwenye kufukuza majini kwa kisomo, mzee wa makelele ambaye salamu yake husikika mtaa wa pili. Alipokiona kikapu akanong'ona.

"Umempa nini?"

"Maziwa."

"Ya nani?"

Shamim akavuta khanga, akajifunika kifua.

"Zaidi ya mara tano, binti yangu?"

"Zaidi ya wiki, fakihi. Kila baada ya saa tatu."

Mzee akafunga kitabu chake. "Mimi nafukuza wageni. Huyu si mgeni. Mtoto akishiba maziwa yako mara tano ni mwanao, na ni ndugu wa mwanao. Nitamfukuzaje mtu kwao?"

"Sasa mutoto atakufa tu?" Natalina aliuliza kutoka mlangoni, akifanya ishara ya msalaba.

"Mtoto wa nyumba hafukuzwi. Huachishwa ziwa. Jifunge kifua, usikamue hata tone. Na Shafik asinyonye. Maziwa ni yale yale."

"Shafik atakula nini?"

Fakihi akalitazama bomba la sindano. "Unajua kulea asiye na mama."

Siku nne Shamim alijifunga khanga kifuani, akauma mto wakati kilio kilipozunguka chumba, mara kikapuni, mara darini, mara ndani ya masikio yake, na kila alipomwinamia Shafik na maziwa ya kopo, mtoto alifumba macho na kuyaacha yamwagike shingoni, mwepesi zaidi kila siku, mwepesi kama shati.

Siku ya tano, mchana, kikapu kilikuwa kitupu. Sufu ilikuwa imeungua duara katikati. Harufu ya bakhuri haikuwepo.

Shamim akamzungushia Shafik kitambaa, akasukuma tone moja. Shafik akameza. Tone jingine, akameza. Shamim akaanza kulia na kucheka.

"Ona," Natalina akasema, akichuchumaa. "Anakunywa."

Shafik akanywa mpaka masikio yakachezacheza. Kisha ngumi zake mbili zikaanza kukanda kifua cha Shamim, hii, ile, hii, ile, na kooni mwake kukazuka mngurumo mdogo, wa kushiba.

Natalina alikuwa amemshika mguu. Aligeuza kidole kilichotafunwa na panya, akakigeuza tena. Hapakuwa na kovu.

"Mama Shafik," alinong'ona, akiurudisha mkono. "Mbona iko moto?"

Shamim alijaza bomba tena.