Halitakiwi Safarini

Jumamosi ya mwisho wa Februari, mwaka wa sitini na sita, foleni ya Posta Kuu ya Nairobi ilikuwa imetoka mlangoni ikashuka ngazi hadi kando ya barabara. Phanuel Shivachi alikuwa humo tangu saa tatu, kifurushi chake kimefungwa kwa kamba ya katani, jua likimchoma kisogo. Mbele yake alisimama msichana mrefu aliyevaa gauni la rangi ya maziwa, mkanda mpana mweusi kiunoni, nywele zimechanwa nyuma na kunukia mafuta ya nazi. Msichana alipofungua bahasha kubwa aliyoishika, upepo ulimpokonya vilivyokuwa ndani, na karatasi za kubandika zikatawanyika katikati ya miguu ya watu.

Phanuel aliinama kuziokota. Alipoona maandishi yake, alibaki amechutama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana ilikuwa miaka minne tangu azishike karatasi kama zile.

"Hizi usibandike ovyo," alimwambia akimrudishia. "Hii inasema sanduku linatakiwa safarini. Hii ingine inasema halitakiwi. Ukiweka hii, sanduku linaenda chini kwa tumbo ya meli, hulioni tena mpaka London."

Msichana alimkagua toka viatu hadi kofia. "Na nani amekwambia naenda London?"

"Imeandikwa hapo kwa bahasha."

Msichana akacheka, kicheko cha chini kama mtu aliyeshikwa kanisani, na foleni ikasogea.

Jina lake lilikuwa Wacera, binti wa mzee Chege wa Kawangware, ambaye nusu ya shamba lake alikuwa ameigeuza vyumba vya kupangisha. Alifanya kazi ya msaidizi katika zahanati moja mjini, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza kwa miaka mitatu na nusu. Meli yake ingeng'oa nanga Mombasa mwisho wa mwezi wa tano. Bahari hakuwahi kuiona. Phanuel naye alimwambia kwamba kwao ni Kakamega, kwamba alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli za abiria miaka mitano, Mombasa hadi London na kurudi, na kwamba sasa alikuwa akigonga masanduku ya bati Sarang'ombe, Kibera. Kabla hawajafika dirishani, Wacera alikuwa ameagiza sanduku, na mafunzo ya safari juu yake.

Mafunzo yakawa ya Jumapili baada ya kanisa, kule Silanga, upande mwingine wa Kibera, ukingoni mwa bwawa, nyuma ya wanawake waliouza makaa na mboga. Phanuel alichora meli kwenye udongo kwa kijiti, ghorofa juu ya ghorofa. Meli kubwa ni mji, alimweleza, mji wa watu elfu moja wanaosikia njaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo akipanda tu, kabla hata ya kupungia watu mkono, aende achague zamu yake ya kula, kwani wanaochelewa hupewa meza ya mlango wa jikoni. Mkononi awe na mkoba mdogo wenye gauni la kubadili na mswaki, maana masanduku hufika kabini jioni, mengine kesho yake. Siku ya kwanza atembee kutoka kabini hadi chumba cha kulia na kurudi, mara tatu, akihesabu milango. Njia za ndani zote zinafanana, na Phanuel alikuwa amewaona wazee wenye mvi wakilia humo kwa kupotea. Kengele ya mazoezi ya hatari ikilia, avae koti la kujiokolea na asimame mahali pake, hata kama wengine wanafanya mchezo. Bahari ikimchafua moyo, asijifungie kulala. Apande juu, akae katikati ya meli ambapo kuyumba ni kidogo, atafune biskuti kavu na tangawizi, atazame pale mbingu inapogusa maji. Na wakishuka bandari ya Aden kutembea, arudi saa nzima kabla ya wakati.

"Meli haina shemeji," Phanuel alisema. "Haingoji mtu."

Wacera aliyaandika yote katika daftari la shule, akiuliza maswali mengine ya kweli na mengine ya kumchokoza tu. Kama nahodha huwa anaoa abiria. Kama samaki huchungulia dirishani mtu akioga. Siku moja aliuliza bila kucheka, "Na nikiwekwa meza moja na Mzungu, akihama?"

Phanuel alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, sinia mkononi. "Mwache ahame. Wewe kula. Tiketi yako imenunuliwa kama yake."

Katikati ya juma alimpigia simu zahanati kutoka kibanda cha simu cha mjini. Msimamizi wa pale hakupenda wafanyakazi kuitwa, kwa hiyo Phanuel alijifanya karani wa kampuni ya meli.

"Naongea na abiria Wacera wa Chege?"

"Ndio, bwana."

"Kampuni inauliza kama abiria amekula mchana."

"Bado, bwana. Abiria anangoja mtu wa kula naye."

"Kampuni itatuma mtu saa saba."

Hata mafundi wenzake waliona kwamba sanduku lile lilikuwa halimaliziki. Phanuel alilipaka rangi ya kijani, akaikwangua, akaipaka tena. Alibadilisha bawaba mara mbili. Khamala, mtu wa kwao Kakamega aliyefanya kazi naye banda moja, alimwambia kwamba kwa mwendo ule msichana angefika London kwa miguu kabla ya sanduku kwisha.

Jumapili iliyofuata Pasaka, Wacera alifika Silanga bila daftari. Aliketi, akavua viatu, akasema kwamba hataenda. Uuguzi hata Nairobi unafundishwa. Angemwambia baba yake juma hilohilo, na tiketi irudishwe.

Kitu cha kwanza Phanuel alichohisi kilikuwa furaha, na furaha ile ikamtisha. Alijaribu kumsihi, akamkumbusha nafasi zilivyo chache, lakini maneno yake yalikuwa mepesi kwa kuwa moyo wake haukuwa ndani yake, na Wacera akalitambua hilo. Aliondoka akiimba.

Siku nne baadaye alirudi, na hakuja kuimba. Wangoi, binamu yake aliyeuza mboga palepale Silanga, alikuwa amemfungulia masikio. Fundi wako ana mke Kakamega, anaitwa Sella, alimwambia. Kila mwezi anatuma kifurushi kwa Mama Sella, nguo na sukari, na wapangaji wote wa Sarang'ombe wanajua. Wacera alisimama mlangoni mwa banda, sare ya zahanati bado mwilini.

"Sella ni nani? Ni bibi yako?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Phanuel alikuwa nalo ulimini. Lakini aliona pia tiketi ikirudishwa, na Wacera miaka kumi baadaye katika chumba kimoja cha bati, akimtazama mtu aliyemfanya abaki. Akaweka nyundo chini.

"Ndio," alisema. "Niko na bibi."

Wacera alitikisa kichwa taratibu kama mgonjwa anayeambiwa ugonjwa wake, akageuka, akaenda zake.

Mwezi mzima ulipita. Phanuel hakupiga simu. Kila alipokwenda mjini alipita upande wa pili wa barabara ili asikione kibanda kile. Alisikia kwa watu kwamba binti wa Chege ameshonewa koti la baridi, kwamba kanisa lao limemfanyia maombi, basi akajua safari ipo, na akajiambia kwamba ndivyo alivyotaka. Usingizi ulimkataa hata hivyo.

Juma la mwisho alilipeleka sanduku Kawangware kwa mkokoteni, saa ambayo Wacera alikuwa kazini. Mama yake, Wakarima, alimpa chai na kuusifu mkono wake. Ndani ya sanduku Phanuel alikuwa ameacha karatasi mbili alizoziandika kwa penseli, mambo ambayo hawakuyafikia Jumapili zao: kwamba maji ya kuoga ni ya chumvi na sabuni haitoi povu, asidhani sabuni ni mbovu, kwamba saa hurudishwa nyuma kadiri meli inavyokwenda, kwamba kule Port Said wachuuzi huja na mashua wakipandisha vitu kwa kamba, asinunue cha kwanza anachoonyeshwa, kwamba atafute kiti kule juu ya meli, upande wenye kivuli, mapema asubuhi, kabla viti havijakwisha. Mwisho aliandika kwamba mhudumu wa asubuhi akibisha na chai, asiikatae hata kama hana hamu, kwa sababu tumbo tupu ndilo linaloshindwa na bahari.

Siku tatu kabla ya safari, Phanuel alirudi kutoka kununua bati akamkuta Wacera ameketi kwenye kigoda chake, zile karatasi mapajani. Khamala alikuwa akipanga misumari ambayo haikuhitaji kupangwa. Alipomwona Phanuel, alitoka nje bila salamu, na Phanuel akajua kwamba amesema.

"Sella alikufa," Wacera alisema.

"Alikufa."

"Mwaka wa sitini na mbili. Wewe uko baharini."

Phanuel aliketi juu ya rundo la bati. Alimweleza yote, kwa mara ya kwanza tangu ahame Mombasa. Sella alifariki akijifungua. Simu ya maandishi ilitumwa ofisi ya meli Mombasa, ikamngoja pale siku kumi na tisa, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuifikisha katikati ya maji. Siku zile zote alikuwa akiwapelekea watu chai na kuwauliza kama wamelala vizuri. Alipofika kwao, udongo wa kaburi ulikuwa umekauka. Mtoto alipona, msichana, Kavetsa, na analelewa na mama yake Sella. Vifurushi ni vyake.

Wacera alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, lakini sauti yake ilikuwa na hasira.

"Pole kwa Sella. Hiyo pole natoa kwa roho yote. Lakini mimi umenifanya nini, Phanuel? Mwezi mzima nimekuchukia. Mwezi ambao tungekuwa nao."

"Nilitaka uende."

"Ungeniambia niende. Mimi si sanduku, ati unanibandikia karatasi ya kwenda chini ama juu."

Phanuel alisema amekosa, kwa Kiswahili kisha kwa lugha ya kwao, kana kwamba moja haikutosha. Wacera alisogea, akaweka kichwa begani mwake, na wakakaa hivyo huku mafundi wa banda la pili wakigonga.

"Nitaenda," alisema mwishoni. "Si kwa sababu umenidanganya. Nitaenda kwa sababu nataka. Sasa niulize."

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Phanuel aliishika mikono yake miwili. "Ukimaliza masomo, kama bado unanikumbuka, nitakuja kwa mzee Chege na wazee wangu. Utakubali?"

"Nitakubali. Na nikikusahau?"

"Basi sanduku ni zuri. Halitashika kutu."

Alicheka huku akilia.

Siku tatu si kitu. Mbili zilimezwa na jamaa waliokuja Kawangware kuaga, na mzee Chege hakuwa mtu wa kuambiwa jambo kubwa kwenye fujo ya wageni. Kwa hiyo jioni ya treni ya Mombasa, stesheni ikiwa imejaa shangazi na kwaya ya kanisa, Phanuel alisimama pembeni na koti lake la Jumapili kama mtu aliyekuja kuangalia kazi yake. Mzee Chege ndiye aliyemwona.

"Si wewe fundi wa sanduku?"

"Ndio, mzee."

"Kazi safi. Njoo umuage mteja wako."

Wacera alivaa koti jipya la kijivu na kofia ndogo iliyomfanya aonekane mkubwa. Walipeana mikono.

"Mkoba mdogo unao?" Phanuel aliuliza.

"Ninao."

"Tangawizi?"

"Iko."

"Milango utahesabu."

"Mara tatu," alisema. "Na chai sitakataa, fundi."

Hakumwachia mkono upesi. Mama Wakarima aliwatazama wote wawili, akainamisha macho. Kisha filimbi ikalia, na kwaya ikaanza wimbo wa pili.

Kesho yake saa kumi alasiri Phanuel alikuwa Sarang'ombe, nyundo mkononi, hapigi. Hakuhitaji kuwa Mombasa kujua. Sasa kengele inalia, wasindikizaji wanashuka. Sasa ngazi inavutwa. Sasa abiria wote wamejazana upande mmoja wa meli, na maji yanaanza kuonekana kati yao na gati, kidogo tu, upana wa mlango, kisha upana wa barabara. Khamala alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana.

Kuna jambo moja ambalo hakulisema ukingoni mwa bwawa wala kuliandika kwa penseli. Wasichana wanaosafiri peke yao, ikishafika jioni ya kwanza na nchi haionekani tena, hujifungia kabini wakalia. Alikuwa amewasikia miaka mitano, nyuma ya milango, akipita na sinia. Wahudumu wengine walipita tu. Yeye alikuwa akibisha, anaweka chai mezani, anasema ni moto, anatoka bila kuuliza kitu.

Aliketi juu ya bati, akafumba macho, akamwombea mhudumu asiyemjua jina, popote alipo katika zile njia ndefu zinazofanana, abishe.