Bahari Haipimwi kwa Futi

Alipogeuka kukitazama tena kile kijiti, hakukiona. Palipokuwa na mchanga palikuwa na maji, na maji yenyewe hayakuwa yakija kwa uvivu kama yalivyoanza. Yalikuwa yanakimbia.

"Dada," aliita mshona vifungo. "Kijiti kimekwenda."

Wenzake wawili walikuwa wamelala juu ya shuka, migongo juani, wakisengenya wateja. Watatu hao walishona pamoja katika chumba chenye cherehani tatu na dirisha moja, na ile ilikuwa Jumamosi yao ya kwanza nje baada ya miezi ya sare za shule. Mkubwa wao walimwita Mkasi, kwa kazi ya mikono yake na ya ulimi wake pia. Wa pili alikuwa Sindano, kwa wembamba. Asubuhi walivuka kwa miguu, maji yakiishia kwenye vifundo, kutoka ufukwe wa ghuba hadi mwamba ule wenye mchanga mweupe mgongoni. Mkasi akachomeka kijiti ukingoni, akatoa futi yake ya kupimia viuno, akapima. Kwa nusu saa maji yalipanda vidole viwili.

"Kwa hiyo mpaka saa saba ni vidole vinane," alitangaza. "Kuna mtu hapa wa kuzama kwa vidole vinane?"

Fundi hupima, akakata, akasahau, maana kitambaa ukishakipima hakikui. Lakini maji yakijaa huanza kama mgonjwa, yakifika katikati hushika mbio, na hilo hakuna aliyewahi kuwaambia. Mshona vifungo ndiye pekee aliyeendelea kutazama. Alisema mara moja tu kwamba kijiti kinafupika haraka. "Wewe hesabu vifungo," Mkasi akamjibu, wakacheka wote, hata yeye mwenyewe.

Sasa Sindano aliruka, akakimbilia ukingoni, na hatua ya nne ikamkalisha chini. Magamba ya chaza yaliyoganda mwambani yalikuwa yamempasua kisigino. Mkasi akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga kidonda kwa nguvu.

"Unaweza kukanyaga?"

"Kwa kidole gumba."

"Kinatosha."

Lakini mbele yao mkondo ulikuwa umefunguka, mpana kama chumba chao mara mbili. Mkasi akaingia. Maji kiunoni, maji kifuani, kisha akazama kabisa, akarudi akitambaa na kukohoa.

"Tungoje yapungue," alisema Sindano.

Mshona vifungo alinyoosha kidole. Mwani mbichi ulikuwa umeshika mwamba juu ya vichwa vyao; maji yangefika huko.

Mkasi akautazama mwani ule. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akauliza: "Tufanyeje, mdogo wangu?"

Wakaipasua shuka kwa urefu, vipande viwili, wakaunganisha na nguo tatu za kujifunga kiunoni. Fundo la kwanza likateleza. La pili likateleza, maana nguo zilikuwa laini na zimelowa. Mshona vifungo akatoa sindano na uzi mfukoni mwa gauni, akaanza kushona kila fundo kwa uzi wa vifungo uliokunjwa mara mbili. Maji yakamfika magotini. Sindano akamshikia kitambaa huku meno yakimgongana. Fundo la mwisho alilishona maji yakiwa tumboni, akalipapasa kwa vidole kama kipofu.

"Mimi nimekulia mtoni," alisema akijifunga kiunoni. "Najua kupiga maji kidogo. Ninyi mshike kule mwisho."

Mkondo ulimbeba upande kama jani. Alikunywa chumvi, akapiga miguu, akapiga, mpaka magoti yakagonga mchanga. Akasimama, akajizungushia kamba mgongoni. Sindano akaja wa pili, akivutwa chali, kisigino kikiacha uzi mwekundu majini. Mkasi akaja wa mwisho, maji kidevuni, mzito kuliko wote wawili. Katikati, fundo moja likaanza kufumuka. Wakaliona wote watatu. Wawili wa ufukweni wakavuta.

Chumba kile siku hizi wanauza simu. Sindano aliolewa mbali, huandika sikukuu hadi sikukuu. Mkasi macho hayatungi tena uzi. Mshona vifungo ana cherehani zake mwenyewe na wasichana wanaomwita dada, na mchana ukitulia, mashine zikinyamaza, huukumbuka ufukwe ule kwa hamu ambayo hajui kuieleza, kama mtu anayekumbuka nyumbani. Hakumbuki hofu. Anakumbuka walivyolala pale wakihema, miguu imepandana, hujui wa nani ni upi.

Siku ile Mkasi ndiye aliyeinuka kwanza. Akawashika vichwa, mmoja kwa mkono huu, mwingine kwa mkono ule.

"Mmoja. Wawili." Akageuka kuikodolea bahari macho, sauti ikampasuka. "Wawili tu! Tulikuja watatu. Nani hayupo? Jamani, nani hayupo?"

Mshona vifungo akauchukua ule mkono mpana uliokuwa juu ya kichwa chake, akauweka kifuani kwa Mkasi mwenyewe, pale moyo ulipokuwa ukidunda.

"Huyu hapa, dada," alisema. "Tumemvuta."