Taa Iliyokataa Kuwaka

Kila asubuhi kabla ya shule, Faida alimbeba mdogo wake Abedi mgongoni hadi hospitali ndogo iliyokuwa kwenye njia ya Nyangwe. Abedi aliugua mapafu. Alihitaji sindano kila siku kwa siku saba.

Pierre, mwanafunzi wa uganga ambaye watoto walimwita yaya, yaani kaka, aliwasha taa ya alkoli, akachemsha sindano na kumtania mtoto: "Jogoo wenu amejifunza Kifaransa?" Kabla Abedi hajajibu, sindano imeshaingia na kutoka. Faida aliipenda sana mikono ile, lakini hakuthubutu kumwambia.

Jumatatu ya wiki hiyo taa haikuwaka. Pierre alichoma njiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Utambi ulitoa moshi tu. Abedi alikohoa mgongoni.

Bwana Atumani, mwalimu wa wanafunzi wa uganga, alinusa chupa ya alkoli. "Hii iko maji. Nani amekunywa alkoli, akajaza maji?"

"Labda panya, Bwana," alisema Michel, mwanafunzi mwenzake Pierre.

"Panya gani anafungua kizibo na kukirudisha?"

Faida aliogopa. Wote walijua kwamba mlevi hufukuzwa. Kama ni Pierre, angerudi kijijini kwao Lusangi kulima mihogo, na ndoto yake ingekwisha.

Pierre aliweka kiberiti chini. "Ni mimi, Bwana. Jana tulisherehekea kufaulu mtihani, na ufunguo wa kabati ya alkoli nilikuwa nao mimi." Alinyoosha mikono. Ilitetemeka. "Leo nisimdunge mtoto huyu. Nitamuumiza."

Bwana Atumani alichemsha sindano juu ya makaa, kisha yeye mwenyewe akamdunga Abedi. Abedi alilia mpaka nje wakasikia.

"Alkoli imewekwa hapa isafishe ngozi na kuwasha taa," mwalimu alisema polepole. "Ukiinywa, inakuumiza wewe kwanza, kisha mgonjwa aliyekuamini. Ungesema uongo, ningekufukuza. Lakini umemkumbuka mgonjwa kabla ya kujikumbuka mwenyewe, na huo ndio uganga. Nipe ufunguo. Mwezi mzima utaosha chupa."

Pierre alichukua ndoo ya kuoshea. Michel aliinamisha kichwa, akachukua ya pili bila kuambiwa.

Faida alifika mlangoni, akasimama, akageuka.

"Bwana Atumani, kesho mikono yake ikitulia, tunamtaka yaya Pierre. Yeye ndiye muganga wetu."