Miaka Ine ya Eulalie

Kuna mapenzi yanayoanza kwa salamu. Haya yalianza kwa ugomvi wa viatu, saa tano za asubuhi, katikati ya soko la Kadutu, watu wote wanatazama.

Maman mmoja anayeuza viatu vilivyovaliwa Ulaya alikuwa amemwaga mfuko mpya, na wanunuzi wameinama juu ya lundo kama kuku juu ya mchele. Eulalie aliingiza mkono, akatoa kiatu cha kuchezea mpira cha kushoto, rangi ya chungwa, meno yake yote mazima. Akatafuta cha kulia. Cha kulia kilikuwa mkononi mwa kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na bic tatu mfukoni.

"Papa, ile soulier ni ya kwangu."

"Ya kwako namna gani? Miye njo niliiona ya kwanza."

"Uliona ya kuume. Miye nimeshika ya kushoto, na kwenye mupira ya kushoto njo ya muhimu."

Kijana akamtazama vizuri: nywele zimesukwa mistari, maillot ya mpira ya kijani iliyopauka, sketi ya jeans, na goti lenye makovu.

"Unachezaka mupira?"

"Na weye, na ile chemise ya padiri, unachezaka?"

"Kila samedi. Siye ba agents wa état civil tunachezaka na ba enseignants, balimu."

"Mama yangu! Na ile tumbo?"

Soko likacheka. Maman wa viatu akasema, "Mukitaka kuoana muoane, lakini mutu mumoja anilipe." Kijana akageuza kiatu, akasoma namba chini. Ilikuwa trente-neuf, thelathini na tisa, na yeye alivaa quarante et un, arobaini na moja.

"Kumbe haikuenei hata!"

"Ningekunja vidole," alijibu, mkaidi hadi mwisho. Kisha akampa. "Kwa condition moja. Niende nikuone ukicheza."

Akaenda Jumapili hiyo. Lo! Heri angeumwa tumbo siku hiyo akalala kwao.

Kijana huyo aliitwa Bisimwa, na kazi yake ilikuwa kuandika vizazi. Ukizaa mtoto, unakwenda kwenye dirisha lake, anakuuliza jina, siku, mama, papa, anaandika kwenye kitabu kikubwa. Mwandiko wake ulisifiwa na ofisi nzima. Herufi zilikuwa za mviringo, zimelala upande mmoja, na namba ine yake aliiacha wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Hakuna mwingine aliyeiandika vile.

Eulalie alikuwa winga wa kushoto. Uwanja wao ulikuwa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, lakini akipewa mpira pembeni, mabeki walianza kuomba Mungu. Bisimwa alisimama kwenye mstari na simu yake, akifilimu kila kitu, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Wakapendana, wakapendana sana. Eulalie alimwita Bisi, yeye akamwita Lalie, au chou, au mama-goli akitaka kumchokoza. Na kila semaine, kila wiki bila kukosa, Bisimwa alimwandikia barua kwa mkono, akaipitisha chini ya mlango wa maman Adolphine, mama ya Eulalie, huko Cimpunda.

"Bisi, simu iko! Sababu gani unaandikaka kama batu ba zamani?"

"Simu inafutikaka, chou. Karatasi inabakia."

Karatasi inabakia. Kumbukeni neno hilo, maana mwenyewe alilisahau.

Alizituma zile video kila mahali, mpaka Amerika. Na siku moja simu ikalia kwa sauti ya WhatsApp, na uso wa mwanamke mzungu mwenye kofia na mvi ukajaa kwenye kioo. Aliitwa Dana. Alikuwa amecheza mpira wa kulipwa huko Amerika miaka kumi na mmoja, magoti yote mawili yakapasuliwa, na sasa alifundisha timu ya wanawake ya mji mdogo. Bisimwa ndiye aliyejua Kiingereza kidogo.

"Anasema nini?" Eulalie alimvuta shati.

"Anasema mguu yako ya kushoto inamunyima usingizi."

"Uongo! Hakusema vile."

"Anasema ile goli ya coin, ya kona, aliionyesha bachezaji bake mara tatu. Anatuma barua ya kukualika. Essai ya miezi mbili, bakupime. Ukiweza, contrat."

Eulalie akafunika mdomo kwa kitenge, na machozi yakatoka palepale. Dana aliuliza mengi: goti lile liliumia lini, anakula nini, mama anakubali? Umri hakuuliza. Na barua ilipofika, haikutaja umri popote. Nawaomba mlishike hilo.

Jioni hiyo Eulalie alimwegemea Bisimwa begani.

"Utaenda lini kwa papa yangu kule Nyantende na ng'ombe ya mahari?"

"Wende kwanza, Lalie. Nikipeleka ng'ombe leo, familia itasema bibi ya mutu hapandake ndege kwenda kukimbilia mupira."

"Utaningojea?"

"Mpaka mvi zinitoke puani."

Sasa akaingia papa Constantin, kocha wa timu. Alimwita Bisimwa pembeni, akamshika mkono kama baba.

"Mutoto wangu, Lalie iko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na mbili."

"Aïe! Bazungu banatafutaka mutoto, habatafutake mama. Kwenye mupira kila mutu anapunguzaka miaka. Na weye njo uko na kalamu."

"Eulalie atakataa."

"Njo maana usimwambie."

Wanaume wawili, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumuuliza Dana! Bisimwa alikwenda ofisini mapema, akachukua karatasi ya attestation de naissance, akaandika: amezaliwa tarehe kumi na saba, mwezi wa saba, mwaka 2004. Mwaka wa kweli ulikuwa 2000. Aliona anampa zawadi, miaka ine mizima ya kucheza. Akaweka karatasi kwenye bahasha pamoja na fomu za passeport, akaacha nje ukurasa wa saini tu, akampelekea Eulalie.

"Saini hapa, chou."

"Siwezi kusoma kwanza?"

"Unaniogopa?"

Akacheka, akasaini.

Passeport Eulalie aliichukulia Kinshasa, kesho yake ndiyo siku ya kuomba visa kwenye ubalozi wa Amerika. Jioni hiyo akampigia Bisimwa simu.

"Bisi, banakosea mwaka yangu! Banaandika deux mille quatre, elfu mbili na ine!"

"Ni machine, Lalie. Ni kosa ya machine. Wende vilevile."

"Na bakiniuliza?"

"Useme ile iko kwenye passeport. Usiogope, mupenzi. Mungu iko."

Mungu yupo, ndiyo. Lakini asubuhi, kwenye dirisha la kioo, alikuwapo pia bwana mmoja mwenye miwani, na mbele yake karatasi mbili. Moja ilikuwa diplôme d'État ya Eulalie ya mwaka 2018, ambayo maman Adolphine alimpa dakika ya mwisho, kwa fahari, ili wazungu waone mtoto wake alisoma.

"Mademoiselle, ulimaliza masomo ya sekondari na miaka kumi na minne?"

Bwana akasukuma karatasi ya pili, attestation iliyotoka kwenye bahasha, hadi kwenye kioo. "Nani aliandika hii?"

Akaitazama. Herufi za mviringo, zimelala upande mmoja. Na mwisho wa mwaka, namba ine, wazi juu.

Barua kama hamsini za namna ile zilikuwa ndani ya sanduku lake, zinanuka sabuni.

"Sijui," alisema. "Simujue mutu aliandika."

Visa ikakataliwa, na si kwa siku ile tu. Aliyeleta hati ya uongo, jina lake linabaki kwenye machine yao. Ligi ikapata habari, licence yake ya kucheza ikafungiwa miaka miwili. Papa Constantin akaapa kwa Bikira Maria kwamba hajui lolote.

Eulalie alirudi kupitia Goma, akapanda boti. Bisimwa alimngojea bandarini tangu asubuhi, shati lilelile jeupe. Alipokuwa pale, kwenye simu yake ukaingia ujumbe wa Dana. Alisoma mara moja, akakaa chini kwenye simenti.

Eulalie akashuka na sanduku lake. Alikuwa amekonda, kitambaa cheusi kichwani kama mtu wa matanga.

"Lalie..."

"Nilijua namba ine yako."

Bisimwa akatoa simu. Hilo nampa, hakujificha. "Dana ameandika. Ni miye wa kukutafsiria."

"Tafsiri."

"Anasema... anasema angekuchukua vile uko. Miaka makumi mbili na mbili ilikuwa muzuri. Anasema yeye mwenyewe contrat ya kwanza alisaini na miaka makumi mbili na ine, mbele ya pale alikuwa anauza viatu kwenye magasin. Anauliza sababu gani hatukumuuliza."

Abiria walipita na mizigo yao, wakiwagonga mabega. Eulalie alilia bila sauti, mdomo wazi.

"Lalie, nilitaka uende! Haki ya Mungu, nilitaka ucheze miaka mingi!" Na hapo, kwa hofu ya kumpoteza, mpumbavu yule akasema neno baya kuliko yote. "Tuoane. Wiki hii hii naenda kwa papa yako na ng'ombe."

Eulalie akaacha kulia.

"Sasa njo unanioa? Nilipokuomba ulisema niende kwanza. Leo siendi tena, njo ng'ombe imepatikana?"

"Hapana, si vile..."

"Ulitaka nibakie, Bisi. Weye mwenyewe hukujijua, lakini mukono yako iliyoandika ilijua."

Mimi ninayewasimulia nimeshinda na jambo hili muda mrefu, na siwezi kuapa kwamba Eulalie alikosea. Bisimwa naye hakuweza. Usiku mwingi alijiuliza.

"Baliniuliza nani aliandika," alisema Eulalie akiinua sanduku. "Nikasema sijui. Ungefungwa. Ile njo zawadi yangu ya mwisho. Usikuye tena kwetu."

Bisimwa alipiga simu mara mia. Aliandika barua, zikarudishwa chini ya mlango wa kwake mwenyewe, hazijafunguliwa. Mwaka uliofuata akasikia kwamba Delphin, mfanyabiashara wa Kamituga, alipeleka ng'ombe Nyantende, na kwamba Eulalie amepanda pikipiki kumfuata mume wake kwenye barabara ile ya matope.

Mwaka mwingine ukapita. Mardi moja, Jumanne yenye foleni ndefu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele ya dirisha. Bisimwa hakuinua macho mara moja.

"Jina ya mutoto?"

"Elodie."

Bic ikasimama. Akainua macho. Amenenepa kidogo, amevaa pagne ya bluu na maua ya njano, pete kidoleni. Macho ni yaleyale.

"Lalie."

"Bonjour, papa Bisimwa. Nilikuya kuzalia kwa maman. Mutoto alizaliwa tarehe tisa, mwezi wa kumi. Andika ya kweli."

Akaandika. Akafika kwenye mstari wa mama: mahali, siku, mwaka. Hakuuliza. Aliandika tarehe kumi na saba, mwezi wa saba, mwaka 2000, na Eulalie akainama kwenye dirisha akatazama kila sifuri ikifungwa.

Ukabaki mstari mmoja, kazi ya mama. Watu nyuma walianza kunung'unika. Bisimwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Niandike... mucheza mupira?"

Eulalie akamrudisha mtoto juu mgongoni, akakaza kitenge kifuani.

"Nimekuambia andika ya kweli, Bisi."

Akaandika: ménagère, mama wa nyumbani. Kwa mwandiko wake mzuri, pole pole, mpaka herufi ya mwisho. Alipoinua kichwa kumpa karatasi yake, macho yalikuwa yamejaa maji, na hakuona vizuri ni mkono gani ulioipokea.

"Aksanti, papa," ikasema sauti yake. Na mtu mwingine akasogea dirishani.