Wino wa Siku Kumi na Mbili

Kila likizo, mama akikosa mtu wa kuniachia, hunichukua hadi kazini kwake bandarini. Mama ni mkaguzi wa vyakula vinavyoingia kutoka nje ya nchi. Wapakuaji wanamwita Mama Pua, maana akinusa gunia la unga mara moja tu, anajua kama liliwahi kuloa. Asubuhi ile mafua yalikuwa yameziba pua hiyo, nao wakamtania tangu getini: "Leo Mama Pua kasahau vifaa vya kazi nyumbani."

Nilikaa mezani kwake na daftari langu la hali ya hewa. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuagiza tusome kipimajoto kila asubuhi kwa siku kumi na nne, na daftari bora lingekwenda kwenye maonyesho. Langu lilipendeza, lakini lilikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nimesahau kazi hiyo hadi jana yake, nikajaza siku zote kwa mkupuo mmoja. Mama alipoingia chumbani ghafla, nilifunika ukurasa kwa mkono wino ukiwa bado mbichi, na mchirizi ukapita kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Wakala wa mizigo aliingia na viatu vyake vya kung'aa.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mkaguzi mdogo." Kisha akamgeukia mama. "Dada, samaki wangu umewagonga mwenyewe, ni mawe. Nipigie muhuri, shule za bweni zinasubiri kupika."

Mama alikuwa amekagua maboksi ya mlangoni mwa kontena la baridi, na kweli samaki walikuwa wagumu. Ilibaki karatasi ambamo baharia huandika baridi ya kontena kila siku ya safari.

"Samaki wakiyeyuka njiani halafu wakagandishwa tena, kwa macho huwajui," mama aliniambia huku akipiga chafya. "Karatasi hii ndiyo inayosema."

Tarakimu zote kumi na mbili zilikuwa nzuri. Mama alichukua muhuri. Nilichungulia karatasi ile. Mchirizi mmoja wa wino ulikuwa umepita kuanzia siku ya kwanza hadi ya kumi na mbili.

Ningenyamaza, maonyesho yangekuwa yangu. Lakini kuna watoto wangekula samaki wale jioni.

"Mama, usipige," nilisema. "Hiyo imeandikwa yote siku moja."

Wakala alicheka. "Mtoto huyu kasomea wapi?"

Nilifungua daftari langu na kuliweka kando ya karatasi. "Nimejua kwa sababu na mimi nilifanya hivyo jana. Wino wa siku ya kwanza ungekuwa umekauka zamani."

Mama alitazama daftari, akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Aliurudisha muhuri kwenye droo na kuita wapakuaji.

"Toeni kila kitu, mpaka ukutani."

Maboksi ya mbele yalikuwa mazima. Katikati ya kontena yalianza kutoka yaliyobonyea. Ya nyuma kabisa yalikuwa yamegandiana na maji mekundu yaliyoganda sakafuni, na samaki wamelaliana kama chapati. Mama aliamuru samaki mmoja ayeyushwe. Muda si mrefu wapakuaji wote wakashika pua.

"Hata mimi nimeisikia harufu hiyo," alisema mama, na mafua yake vilevile.

Wakala alijifuta jasho. Kontena lilifungwa kwa utepe mwekundu, likaandikwa LIMEZUIWA, na samaki wote wakapangiwa kuteketezwa. Wapakuaji walinipigia makofi. Mmoja akasema sasa bandari ina Mama Pua na Binti Jicho, na nilifurahi kupita kiasi.

Njiani mama alinishika bega. "Mwalimu atakupa sifuri, na utampelekea daftari wewe mwenyewe."

"Najua, mama."

"Mtu akiandika kipimo, mwenzake anakiamini, halafu anakula au anakunywa kwa kukiamini. Ndiyo maana hakibuniwi, hata kiwe cha daftari la shule. Jana ulikosea. Leo umesema kweli mbele ya watu, na watoto wa watu watalala salama. Nakuonea fahari."

Kesho yake asubuhi nilisoma kipimajoto kwa macho yangu mawili. Niliandika mstari mmoja tu, nikaupuliza hadi ukakauka.