Aliyeolewa ni Nani Kwenye Picha Hizi?

Mke wangu alisimama katikati ya sebule ya wazazi wake, akawasha simu, akaanza kunisomea hukumu yangu.

"Mpendwa mteja. Tumeikagua kamera yako na hatukuona hitilafu yoyote. Alama ya fokasi hukaa pale ambapo mtumiaji ameiweka."

Akamgeukia baba yake.

"Baba, umesikia? Pale ambapo mtumiaji ameiweka."

Baba mkwe akavua miwani. Mama mkwe akashika tama. Na pale karibu na mlango, kwenye kigoda, alikuwa amekaa dada mkubwa wa mke wangu, ameinamisha kichwa... kwa sababu ndiye niliyekuwa nashtakiwa naye.

Jamani, mimi sikufanya kitu. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mtukane mnavyotaka.

Iko hivi.

Mimi ni mpiga picha. Harusi, mahafali, picha za pasipoti, chochote kinachosimama mbele yangu nakipiga. Mwaka huu nilistaafisha kamera yangu ya zamani nikanunua mpya, ya kisasa, ile ambayo ukigusa kioo chake cha nyuma kwa kidole, kiboksi kidogo cha kijani kinahamia pale ulipogusa. Hicho kiboksi ndiyo fokasi. Kikikaa usoni mwa mtu, anatoka safi mpaka unaona kope moja moja. Wengine wanabaki na ukungu.

Kazi ya kwanza kubwa ya kamera hiyo ilikuwa harusi ya mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wao.

Nikapiga siku nzima. Kila nikichungulia kwenye kile kioo kidogo, naona mambo ni moto. Nikarudi nyumbani najipongeza njia nzima.

Nikafungua picha kwenye kompyuta.

Bibi harusi, ukungu.

Bwana harusi, ukungu.

Pete inavishwa kidoleni, ukungu mtupu.

Ila upande wa kulia, kando ya bibi harusi, amesimama dada mkubwa kashika mkoba wa mdogo wake... safi kabisa!

Nikaenda picha inayofuata. Vilevile. Keki, vilevile. Baba anambusu binti yake kwenye paji la uso, baba na binti kama wametazamwa kupitia mvuke wa sufuria, na dada mkubwa pembeni anatabasamu, unaona hadi mshono wa gauni lake.

Huyu dada ni mtu wa pembeni, niseme tu. Wadogo zake wote wameolewa, yeye bado yupo kwa wazazi. Analea watoto wao wakisafiri, anashika mikoba yao wakisherehekea. Kwenye picha za familia yeye ndiye lile bega lililokatwa. Na siku nyingine yoyote, mkataji ningekuwa mimi.

Sasa bibi harusi ananipigia simu bila kupumzika, anataka picha. Nikachagua zile zenye afadhali, nikazituma kwenye kundi la familia, nikaomba Mungu waziangalie kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka.

Wa kwanza kuandika alikuwa shangazi yao.

"Samahani wanangu, kwani aliyeolewa ni nani kwenye picha hizi?"

Watu wakajaza vicheko. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amekaa kitandani na simu, anakuza picha moja baada ya nyingine, na kila akikuza anaishia kulekule.

"Hebu nieleze," akasema.

"Ni kamera. Fokasi ilihama."

"Ilihama picha zote?"

"Karibu zote."

"Na kila ikihama inahamia kwa dada yangu?"

Hata mimi nilikuwa sielewi.

Kesho yake akashika simu yangu. Hapo ndipo kiliponuka. Akakuta ujumbe wa dada yake.

"Asante shemeji. Sijawahi kutoka vizuri hivi. Nimeziangalia mpaka nimelia."

Na chini yake mimi, fala mimi, nimejibu: "Usijali dada, unastahili."

Ndugu zangu, nilikuwa najibu kistaarabu tu! Ningemwambia nini? Kwamba picha aliyoililia niliipiga kwa bahati mbaya?

"Anastahili nini?" mke akauliza.

"Nakuambia ni kamera."

"Kamera ndiyo imeandika unastahili?"

Akakusanya watoto, akaenda kwao. Nyumba ikabaki na mimi na kamera. Nikaitazama, na yenyewe ikanitazama.

Nikajiambia, hapa dawa ni moja. Waliotengeneza hiki kitu waandike wao wenyewe kwamba fokasi inahama yenyewe. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Karibu. Naomba namba ya kamera yako."

Nikampa, namba ndefu kama kesi.

"Tatizo ni nini?"

"Fokasi inahama yenyewe."

"Pole kwa usumbufu. Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Nimejaribu."

"Naomba ujaribu tena."

Nikazima, nikawasha, nikapiga picha ya kochi. Kiboksi kikahama mbele ya jicho langu.

"Imehama tena. Ndugu yangu, hapa ndoa inavunjika."

"Pole kwa usumbufu. Nakuunganisha na kitengo husika."

Ukapigwa muziki mpaka nikaukariri. Ikaja sauti nyingine.

"Karibu. Naomba namba ya kamera yako."

Nilitamani kulia. Kila siku mtu mpya, kila mtu mpya anaanza na namba ya kamera. Mmoja akasema nifute lenzi. Mwingine akasema nisome kitabu cha maelekezo. Mmoja, mpole sana, akaniuliza kama nimeridhika na huduma wakati hata hajanisikiliza. Unagombana vipi na mtu anayekuambia pole kila mara?

Mwishoni wakasema niwapelekee kamera wenyewe. Nikapeleka. Na kwa kuwa nilikuwa na uhakika, nikawatangazia wakwe zangu: subirini majibu ya wataalamu, hayo ndiyo yatasema ukweli.

Wataalamu wakanirudishia kamera, majibu wakayatuma kwa barua pepe. Na kwa vile barua pepe yangu ilikuwa bado iko wazi kwenye simu ya mke wangu, tangu enzi tunaaminiana, yeye ndiye aliyeisoma kwanza. Akaitunza mpaka siku ya kikao cha familia kwa wazazi wake.

Ndiyo hukumu niliyowaanzia nayo.

"Kijana," baba mkwe akasema, "una neno?"

"Baba, kamera ninayo kwenye begi. Naomba nipige mbele yenu, muone inavyohama."

"Nipe mimi kwanza," mke akasema.

Akaishika, akamlenga mama yake, akapiga. Mama safi. Akarudia. Mama safi. Akarudia tena, safi.

"Kwangu mbona haihami?"

Baba mkwe akaamuru mke wangu akae katikati ya kochi, na dada yake asogeze kigoda pembeni, upande uleule wa siku ya harusi. Dada akasogea bila kuinua macho. Nikapiga.

Mke akanipokonya kamera, akakuza picha. Yeye ukungu, dada yake safi.

"Mbele ya wazazi wangu," akasema. "Hata mbele ya wazazi wangu, huyu mtu."

Wadau, sijawahi kujiona mdogo namna ile. Sikugusa kitu. Nilikuwa namtazama mke wangu, namuomba kwa macho, na mashine inasema nilikuwa namtazama mwingine. Nikapiga tena. Vilevile. Na tena. Vilevile.

Ndipo mama mkwe akakohoa.

"Mkwe wangu, kwani hiyo kamera ina harufu?"

"Hapana, mama."

"Mbona unainusa? Kila ukipiga unaibandika pua kwenye kioo."

Nikaishusha kamera, nikaitazama.

Jicho langu la kulia ni bovu tangu utotoni, kwa hiyo nachungulia kwa la kushoto. Na kwenye kamera hii kitundu cha kuchungulia kipo kwenye kona kabisa, upande wa kushoto. Anayetumia jicho la kulia, pua yake inaning'inia nje, haigusi chochote. Mimi nikiweka la kushoto, pua inatua kwenye kioo, upande wa kulia. Na kioo hakijui pua. Kinadhani ni kidole, kinasogeza kiboksi.

Mke alichungulia kwa jicho la kulia. Mafundi wa kampuni, bila shaka, la kulia. Kwenye zile simu zote hakuna aliyeniuliza natumia jicho gani, na mimi sikujua kwamba hilo nalo ni swali.

Nikawaeleza hivyohivyo, nimejishika pua kama mtoto. Mke wangu akaja kusimama pembeni yangu, akaniangalia nikipiga.

"Ni pua," akasema taratibu. "Mama, kweli ni pua yake."

Akaziba mdomo, na nikaona mashavu yanajaa kicheko. Baba mkwe naye akawa anatikisa kichwa, ameelewa. Ningeishia hapo.

Sikuishia hapo. Nilikuwa nimebebeshwa mzigo mzito, nikataka niutue wote, pasibaki hata chembe.

"Na si kwamba inamchagua dada," nikasema. "Ingechukua chochote kilichopo pale. Dada, hebu inuka kidogo."

Akainuka. Nikachukua chupa ya chai mezani, nikaiweka kwenye kigoda chake. Nikapiga.

Mke wangu ukungu. Chupa safi, maua yake yote yanaonekana, hadi tone la chai lililokauka mdomoni.

"Kumbe hata chupa!" baba mkwe akaangua kicheko, akajipigapiga mapaja. Mama mkwe akafuta machozi kwa khanga. Mke wangu akaniegemea begani, anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikashusha pumzi niliyoishikilia tangu siku ya harusi.

Dada mkubwa naye alicheka. Kisha akaiinua ile chupa kigodani, akasema chai imepoa, akaenda jikoni.

Nikamfuata. Niliona ni adabu nimuombe radhi, maana naye alitajwa vibaya bila kosa. Nikamkuta anasuuza chupa ambayo haikuwa na uchafu.

"Dada, pole kwa usumbufu."

Nilijisikia vibaya hata kabla sijamaliza. Ni maneno yaleyale ya huduma kwa wateja.

"Shemeji, mimi si mjinga," akasema bila kugeuka. "Nilijua umekosea mahali. Wewe ulikuja kumpiga bibi harusi, mimi nimeshika mkoba. Picha zote zile zinihusu mimi tangu lini?"

"Sasa mbona ulinishukuru?"

"Zilikuwa nzuri."

Akafunga bomba.

"Mama alishaiona pua, na mkeo alishakuamini. Chupa ulimuwekea nani?"

Ningekuwa na jibu ningeliandika hapa, maana nimelitafuta sana.

Jioni ile mke na watoto walirudi nyumbani. Watoto wakawa wanapokezana kubandika pua kwenye kamera, nyumba nzima inacheka. Kampuni nayo ikanitumia ujumbe: je, tatizo lako limetatuliwa? Palikuwa na ndiyo na hapana tu. Nikabonyeza ndiyo.

Nikafungua kundi la familia. Picha ya chupa ya chai ilikuwa imeshafika, sijui nani aliinakili kwa simu yake akaituma. Chini yake shangazi kaandika: "Bibi harusi wetu huyo, mkatafute mahari." Vicheko mpaka chini.

Na chini ya vicheko, mstari mmoja mdogo. Dada mkubwa ametoka kwenye kundi.

"Simu yake ina shida siku hizi," mke wangu akasema. Hakuinua macho alivyosema.

Nilimwandikia dada. Nikamwambia aje studio siku anayotaka, nimpige picha yeye peke yake, safari hii kwa makusudi. Akajibu:

"Picha ya kuniomba radhi siitaki, shemeji. Wasalimie watoto."

Zile za harusi bado ninazo. Bibi harusi anataka nimkate dada pembeni, labda zitapungua aibu. Kila nikizifungua nimkate, mkono unakataa, kwa sababu kwa kweli ni nzuri. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kupiga uso wa mtu ukatoka vile, na niliupiga bila kumuona.

Ndugu msomaji, ukisingiziwa jitetee, ni haki yako. Ila ukishaaminiwa, nyamaza, kaa chini, kunywa chai. Mimi nilikuwa nimeshaaminiwa nikaendelea kujitetea, na aliyekuwa amekaa kwenye kile kigoda alikuwa mtu.