Mtoto wa Tano wa Kaya Namba 41

Majibu yalilingana mno. Hilo ndilo lililomshtua Mwanahawa.

Alikuwa amefundisha takwimu chuoni miaka kumi na minne, sita ya mwisho hapo Kasulu, na kila mwaka alihakiki kazi za wanafunzi kwa kuzipigia simu kaya chache walizozihoji. Watu husahau. Aliyesema ana mbuzi watatu leo, kesho atasema wawili, na hapo ndipo mwalimu anapojua kwamba mtu yupo kweli. Lakini yule mama wa kaya namba 41, kijijini Kagerankanda, alijibu neno kwa neno kama dodoso lilivyoandikwa, polepole, bila kusikika akivuta pumzi. Ilikuwa saa saba mchana, na ofisi ikaanza kunuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Watoto mnao wangapi?" aliuliza Mwanahawa.

"Mmetuandikia watano," ikasema ile sauti. "Tunao wanne. Huyo mwingine tunamngoja."

Simu ikakatika.

Dodoso lilikuwa la Ildefonsi, na Ildefonsi hakuwa mwanafunzi tu. Alipokosa pa kulala mwaka wa kwanza, Mwanahawa alimpa chumba cha uani. Alikula mezani kwake, akamfundisha kuhesabu Mwanaamina, binti wa pekee wa Mwanahawa, wa miaka sita, aliyemwita kaka. Wahadhiri wenzake walipolalamika kwamba siku hizi hesabu za kufanyia nyumbani zinafanywa na simu, Mwanahawa aliwacheka. Yeye aliwatuma wanafunzi watembee mlango kwa mlango na karatasi mkononi. "Akili mnemba haina miguu," alipenda kusema. Kisha chini ya kila dodoso alitia sahihi kushuhudia kwamba kaya hiyo ipo.

Alimkuta kijana maktaba.

"Ilde, kwa mama wa kaya 41 ulifika?"

"Nilifika, Madamu. Hata ugali walinipa."

Alijibu akiangalia viatu vyake. Mwanahawa akamchukua hivyo hivyo hadi kwa Shehe Salumu, muuza vitambaa ambaye watu wa mjini walimwendea kwa mambo yaliyoshindikana hospitali. Shehe alilishika dodoso, akalinusa, akaliweka upesi juu ya kaunta.

"Nyumba hii haina mtu, mwanangu," akanong'ona. "Aliyeiandika aliizua. Na wenzetu wale hukaa pasipo na mtu. Mmewapa mlango, mmewapa jina na shamba, na wewe mwalimu umeshuhudia. Sasa wanadai walichoandikiwa."

Ildefonsi akaanza kulia. Mvua ilimkamata njiani, Makere, akasema, akaona Kagerankanda ni mbali, akaiambia simu imtungie kaya kumi zilizobaki, ikatunga vizuri tu pamoja na namba zao za simu, wala hakuwaza lolote hadi juzi namba mojawapo ilipoanza kumpigia kila adhuhuri, na kila ilipopiga chumba kilinuka kaburi, na ile sauti haikumfokea hata mara moja, ilimuuliza kwa upole tu huyo mtoto wa tano anaitwa nani.

"Ukajibu nini?"

Kijana alifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Ilde. Ulimjibu nini?"

"Alisema nisipomtaja mtoto atanichukua mimi, Mama."

Mwanahawa akaligeuza dodoso. Mstari wa mwisho, wa jina la mtoto wa tano, ambao asubuhi ulikuwa mtupu, sasa ulikuwa na maandishi kwa mwandiko wa Ildefonsi: Mwanaamina, miaka sita.

"Chana, Shehe. Lichome."

"Haisaidii. Aliyemtoa mtoto ndiye anayeweza kumrudisha, ajitaje mwenyewe mahali pake, hapa, kabla ya alasiri. Akijitaja, nitamsomea, na kwa uwezo wa Mungu huenda akapona. Mtoto akibaki humo, hatapona."

Wote wawili wakamtazama Ildefonsi. "Nisamehe, Madamu," akasema, akarudi nyuma hatua mbili, akatoka. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, lakini punda hajawahi kumwita mtu mama. Kutoka msikiti wa jirani adhana ya alasiri ikaanza.

Mwanahawa alikimbia, viatu mkononi, akapita sokoni bila kuitikia salamu za mtu, akapanda kilima cha kwao akilia kwa sauti, na kilichomuuma zaidi hakikuwa lile jini, kwa kuwa jini halikumjua wala halikuwahi kula chake, kilichomuuma ni yule kijana aliyemjua mtoto, aliyemfunga kamba za viatu kila asubuhi, na alipopewa nafasi ya kumwokoa akaona heri kutoka mlangoni.

Nyumbani mlango ulifunguliwa kabla hajaugusa. Mwanaamina alisimama kizingitini na sare yake ya shule, peku, miguu ikiwa na tope jekundu hadi magotini. Alimsalimia kwa Kiha, lugha ambayo mtoto huyo hakuwahi kuisema. Alipoona haitikiwi, akatabasamu kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mama yuko shambani. Utamsubiri?"